Munich: Alikovuliwa Taji Bingwa wa Viunzi

Ukibahatika siku moja kufika mjini Munich, kusini mwa Ujerumani, usiishie kwenye makanisa ya kale na masoko ya katikati ya mji kama wafanyavyo watalii wengi. Teremka ngazi pale Marienplatz, kitovu cha mji, upande garimoshi la chini ya ardhi la njia ya U3. Muda si muda utafika kituo kiitwacho Olympiazentrum. Ukichomoza juu, litakukabili jengo refu la kampuni ya magari ya BMW, lililojengwa kwa umbo la silinda nne za injini. Lipe kisogo, ushike vijia vya waendao kwa miguu, na baada ya mwendo mfupi utaliona paa ambalo huenda hujapata kuliona mfano wake.

Paa hilo ni kioja. Halina bati wala kigae. Limetengenezwa kwa vipande vya plastiki ing'aayo kama kioo, vikashikwa na wavu wa kebo za chuma na kuning'inizwa kwenye nguzo ndefu, hata ukilitazama kwa mbali utadhani ni utando wa buibui uliolowa umande. Wasanifu wake, Günter Behnisch na Frei Otto, walilitandaza juu ya sehemu ya uwanja wa riadha, ukumbi wa michezo na bwawa la kuogelea. Ukubwa wake ni takriban mita mraba 75,000, eneo ambalo viwanja kumi vya kandanda vinaweza kuenea.

Wajerumani walikuwa na sababu ya kujenga hivyo. Kabla ya hapo, Michezo ya Olimpiki ya kiangazi ilikuwa imefanyika nchini mwao mara moja tu, mjini Berlin mwaka wa 1936, wakati Adolf Hitler alipoitumia kujitukuza mbele ya walimwengu. Mwaka wa 1972 walitaka dunia iione nchi nyingine, iliyochangamka na isiyo na la kuficha. Hata kile kilima cha kijani kibichi kilicho kando ya uwanja si cha asili. Kilirundikwa kwa vifusi vya nyumba zilizobomolewa na mabomu katika Vita Vikuu vya Pili. Leo watoto hubingirika juu yake, na siku ya anga safi ukisimama kileleni utaiona milima ya Alps kwa mbali.

Kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki, uwanja huo una maana yake ya pekee. Hapo ndipo, Septemba 2, 1972, John Akii-Bua alipoipatia Uganda nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Na hapo ndipo, Septemba 10, Wakenya wanne walipotwaa dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Hadithi hizo tumezoea kuzisikia kutoka upande wa washindi, na ni haki yetu. Leo lakini, msomaji wangu, nakuomba tuketi upande ule mwingine. Tuutazame uwanja huu kwa macho ya mtu aliyeshindwa na Uganda, kisha siku nane baadaye akashindwa na Kenya. Mtu huyo ni Mwingereza David Hemery.

Kijana wa nchi mbili

Hemery alizaliwa Julai 18, 1944 katika mji mdogo wa Cirencester, magharibi mwa Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka 12, wazazi wake walihamia Marekani, na kijana akakulia katika jimbo la Massachusetts, kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Boston. Huko ndiko alikonolewa na kocha Billy Smith. Alipokuwa Uingereza alifunzwa na Fred Housden, mzee aliyezijua mbio za viunzi ndani nje.

Mwanzoni sifa zake zilikuwa katika viunzi vya masafa mafupi. Mwaka wa 1966, michezo ya Jumuiya ya Madola ilipofanyika mjini Kingston, Jamaica, alitwaa dhahabu ya yadi 120. Lakini jina lake lilivuma kweli kweli mjini Mexico City, Oktoba 1968, na lilivuma kwa mbio ndefu zaidi ambazo wengi huziona kuwa adhabu.

Ili uelewe sababu, yafaa ujue mbio zenyewe zilivyo. Viunzi ni kumi, na kila kimoja kina kimo cha sentimita 91.4. Kutoka mahali pa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, kutoka kiunzi hadi kiunzi ni mita 35, na kutoka kile cha mwisho hadi utepeni ni mita 40. Mkimbiaji hana budi kuzihesabu hatua zake. Hatua zikiwa witiri, mguu unaotangulia kuruka huwa ule ule. Zikiwa shufwa, mguu hubadilika, na asiyejua kuruka kwa miguu yote miwili atajikwaa. Hemery alizoea kupiga hatua 13 baina ya viunzi mpaka kile cha sita, kisha miguu ilipoanza kuwa mizito akageuza na kupiga 15.

Katika fainali ya Mexico City hesabu hiyo ilikubali barabara. Alitimka tangu mwanzo kama aliyeitwa nyumbani kwa dharura, na alipokata utepe saa ilionyesha sekunde 48.12, rekodi mpya ya dunia. Mjerumani Gerhard Hennige, aliyekuwa wa pili, alikuwa nyuma kwa karibu sekunde nzima, pengo kubwa mno katika mbio fupi kama hizo.

Hapo pakatokea jambo dogo ambalo Waingereza hawajalisahau. Mtangazaji wa BBC, David Coleman, kwa furaha iliyomzidi, alisema hewani kwamba nani anajali ni yupi aliyekuwa wa tatu. Kumbe wa tatu alikuwa John Sherwood, Mwingereza vile vile! Mtu alikuwa amejinyima na kutoka jasho mpaka akapata nishani ya shaba ya Olimpiki, na redio na televisheni za kwao zikampita kama jiwe la barabarani.

Liweke akilini neno hilo, msomaji. Tutakutana nalo tena Munich.

Njia ya kwanza

Miaka minne baadaye, Hemery alishuka mjini Munich akiwa bingwa mtetezi na mwenye rekodi ya dunia. Mwaka wa 1970 alikuwa amekwisha kuongeza dhahabu nyingine ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, katika viunzi vya mita 110. Katika michezo hiyo hiyo ya Edinburgh, kijana mmoja askari polisi kutoka Uganda alimaliza wa nne katika viunzi vya mita 400. Wachache walimtia maanani.

Kijana huyo ndiye John Akii-Bua, mzaliwa wa Lango, kaskazini mwa Uganda, aliyetoka katika boma la baba mwenye wake wengi na watoto zaidi ya arobaini. Kocha wake alikuwa Malcolm Arnold, naye Mwingereza! Akii-Bua alifanya mazoezi akiwa amevaa fulana iliyotiwa uzito, akiruka viunzi kwa masafa marefu kuliko yale ya mashindano, ili siku ya siku atakapoivua ajione mwepesi kama unyoya. Tena alijua kuruka kwa mguu wowote. Hesabu ya witiri na shufwa haikumtia hofu.

Siku ya fainali alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Wakimbiaji wengi huinung'unikia njia hiyo kwa sababu kona yake ni kali na humvuta mtu pembeni. Faida yake ni moja tu: wenzako wote huwa mbele ya macho yako.

Ukikaa vitini upande wa mwisho wa mbio, jaribu kuzitazama mbio hizo akilini. Bastola inalia. Hemery anatimka kwa kasi ile ile ya Mexico City, na hadi nusu ya safari yeye ndiye wa kukimbizwa. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani kabisa, nyuma ya mgongo wake, mtu mmoja anakuja bila kuchoka. Wanapotoka kwenye kona ya mwisho, yule askari wa Uganda amekwisha kumfikia. Anampita, anakivuka kiunzi cha kumi, na anakata utepe kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amepata kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Furaha ilimpanda Akii-Bua, akaendelea kuuzunguka uwanja akirukaruka na kuwapungia watu mkono.

Na Hemery? Taji limekwenda, rekodi imekwenda. Katika mita za mwisho hata nafasi ya pili ilimponyoka, kwani Mmarekani Ralph Mann alimpiku kwa mia moja ya sekunde, 48.51 kwa 48.52. Bingwa wa dunia akawa wa tatu.

Nani anajali wa tatu? Swali lile lililompita Sherwood kule Mexico City sasa lilikuwa limesimama mbele ya bingwa mwenyewe.

Nyumba nambari 31

Ondoka uwanjani sasa, uvuke kuelekea kaskazini, penye kijiji walimolala wanariadha. Nyumba ndogo ndogo walimokaa wanamichezo wa kike ziligeuzwa makao ya wanafunzi wa vyuo vikuu, nao huzipaka michoro ya kila rangi. Mwanafunzi wa Nairobi akifika hapo atajihisi yuko nyumbani. Lakini ukishika barabara ya Connollystraße, iliyopewa jina la Mmarekani James Connolly, mshindi wa kwanza wa Olimpiki za kisasa mwaka wa 1896, punguza mwendo ufikapo nambari 31.

Alfajiri ya Septemba 5, 1972, siku tatu baada ya mbio za Hemery na Akii-Bua, wanaume wanane wa kundi la Kipalestina lililoitwa Black September waliruka ua wakaingia katika nyumba hiyo, walimolala wanamichezo wa Israeli. Hadi usiku ule ulipokwisha, Waisraeli 11 na polisi mmoja wa Ujerumani Magharibi walikuwa wameuawa, pamoja na watano wa wavamizi hao. Kesho yake ibada ya kuwaombolezea ilifanyika katika uwanja ule ule wa furaha. Michezo ilisimamishwa kwa muda, kisha ikaamuliwa iendelee, na siku ya kufungwa ikasogezwa mbele. Mwaka wa 2017 mahali pa kumbukumbu palifunguliwa, pamechongwa ndani ya mlima mdogo karibu na kijiji hicho. Ukiingia humo utazikuta sura na maisha ya kila mmoja wao. Waume kwa wake hutoka kimya.

Nalitaja hili kwa sababu mtu hawezi kusimulia mbio za Septemba 10 kana kwamba hazikutanguliwa na kitu. Wale waliosimama kwenye mstari siku hiyo walikuwa wameyaona yaliyotokea. Kushindwa kwa mia moja ya sekunde kulikuwa kumepata kipimo kingine.

Kijiti

Mbio za viunzi ni za upweke. Ukianguka, umeanguka wewe. Lakini katika mbio za kupokezana vijiti, kosa lako hulipwa na wenzako watatu, na jasho lako huwanufaisha wao pia. Katika mbio za mita 400 mara nne, anayekuja na kijiti huwa amekwisha nguvu kabisa, kwa hiyo yule anayepokea hugeuka na kumtazama mwenzake usoni, apime mwendo wa kuanza nao. Haifanywi kama katika mita 100 mara nne, ambako mkono hunyooshwa nyuma bila kutazama.

Bingwa aliyevuliwa taji angeweza kufunga virago vyake. Hemery hakufanya hivyo. Aliingia katika kikosi cha Uingereza pamoja na Martin Reynolds, Alan Pascoe na David Jenkins. Wamarekani hawakuwepo. Vincent Matthews na Wayne Collett, washindi wa kwanza na wa pili wa mita 400, walikuwa wamefungiwa kwa namna walivyosimama jukwaani wakati wa wimbo wa taifa lao, na John Smith alikuwa ameumia.

Kikosi cha Kenya kilikuwa na Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Ouko huyu ni yule mwanariadha, bingwa wa mita 800 wa Jumuiya ya Madola mwaka wa 1970, usimchanganye na waziri wa jina hilo. Asati na Nyamau walikuwa wamekwisha kuonja fedha ya mbio hizo kule Mexico City. Naye Sang, siku tatu tu kabla ya hapo, alikuwa ametwaa shaba ya mita 400. Naam, alikuwa wa tatu.

Hemery alikimbia zamu ya tatu, na zamu hiyo kwa upande wa Kenya ilikuwa ya Ouko. Mwishoni Wajerumani ndio waliokuwa wakiongoza, na uwanja mzima ulikuwa ukiwashangilia. Lakini pumzi ziliwaishia wenyeji, na Sang, aliyekuwa amekipokea kijiti nyuma, akafyatuka kama mshale. Kenya ilimaliza kwa dakika 2 na sekunde 59.83. Uingereza ikafuata kwa dakika 3 na sekunde 0.46, Ufaransa ikawa ya tatu, na Wajerumani wakaambulia nafasi ya nne.

Hivyo Hemery aliondoka Munich na shaba na fedha. Ukiziweka kando ya dhahabu ya Mexico City, alikuwa na nishani za rangi zote tatu za Olimpiki. Ni wachache duniani waliozipata zote. Na ile dhahabu peke yake haingemfikisha hapo, ilibidi kwanza ashindwe mara mbili.

Waliotoka uwanjani

Maisha hayakuwapeleka mashujaa hawa njia moja. Akii-Bua hakupata nafasi ya kulitetea taji lake mwaka wa 1976, kwani mataifa mengi ya Afrika, yakiwemo Uganda na Kenya, yalisusia michezo ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mmarekani Edwin Moses akashinda huko na kuivunja rekodi yake. Mwaka wa 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, bingwa huyo alikimbilia Kenya kama mkimbizi, na baadaye akasaidiwa na kampuni ya viatu ya Puma kwenda Ujerumani Magharibi, nchi ile ile aliyong'ara. Hatimaye alirudi kwao, akafariki Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa.

Hemery alipata bahati nyingine. Alikuwa mkufunzi katika Chuo Kikuu cha Boston, na mwaka wa 1998 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama cha riadha cha Uingereza, UK Athletics. Kabla ya hapo aliandika kitabu baada ya kuwahoji wanamichezo zaidi ya 60 waliofika kilele katika michezo mbalimbali. Alitaka kujua ni kitu gani huwafikisha watu huko. Nadhani mtu ambaye hakuwahi kushindwa asingekuwa na subira ya kuuliza swali hilo mara 60.

Ukienda mwenyewe

Uwanja wa Munich haukufa baada ya mwaka wa 1972. Fainali ya Kombe la Dunia la kandanda ya mwaka wa 1974 ilichezwa hapo, Wajerumani wa Magharibi wakiwalaza Waholanzi 2-1. Klabu ya Bayern Munich iliutumia mpaka mwaka wa 2005, na mwaka wa 2022 wanariadha wa Ulaya walirudi kushindana chini ya paa lile lile. Kwa kuwa hufungwa nyakati za ukarabati, ulizia kwanza kabla ya kufunga safari. Bustani, ziwa na kile kilima cha vifusi havihitaji tikiti.

Ukifika, tafuta mahali penye njia ya kwanza, uwaonyeshe watoto kona aliyoipitia askari wa Uganda. Waonyeshe pia upande wa mwisho wa mbio, Sang alikowapita Wajerumani. Kisha wasimulie habari za yule Mwingereza aliyekuwa katika mbio zote mbili na hakushinda hata moja. Asiyekubali kushindwa si mshindani, walisema wahenga, na methali hiyo twaikariri tangu darasa la pili bila kuitia moyoni.

Nao wasioweza kufika Munich, yaani wengi wetu, wana viwanja vyao. Muhula ujao mtoto wako atatoka katika siku ya michezo shuleni akiwa na vumbi mpaka nyusi. Ukimuuliza alikuwa wa ngapi, naye akajibu kwa sauti ya chini kwamba alikuwa wa tatu, usiligeukie gazeti. Mwambie aketi akusimulie mbio zote, tangu mwanzo hadi mwisho, na umsikilize mpaka amalize.